Mwongozo Kamili wa Kukagua Bunduki Kongwe ya Trapu ya Mtutu Mmoja

Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, viwanda vya kaskazini-mashariki mwa Marekani vilitengeneza bunduki za marisau zenye kazi moja tu: kuvunja sahani za udongo zinazorushwa angani katika mchezo wa kulenga uitwao trapu. Ithaca ya New York ilikuwa miongoni mwa waliotangulia. Parker Brothers ya Meriden, Connecticut, na Hunter Arms ya Fulton, New York, waliokuwa wakiunda L.C. Smith, waliingia mwaka 1917. A.H. Fox ya Philadelphia ikafuata mwaka 1919. Karibu zote ni za geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu), zina mtutu mmoja wa inchi 30 hadi 34, reli ya kulengea yenye matundu ya kupitisha hewa, na kitako kilichonyooka kuliko cha bunduki ya kuwindia ndege. Nyingi bado ziko hai, na baadhi bado zinashinda mashindano.

Ukikutana na mojawapo mnadani au kwenye maonyesho ya bunduki, macho yatakwenda moja kwa moja kwenye nakshi na mbao za mjozi. Yaache yashibe, kisha uanze kazi upande mwingine. Anza na kile ambacho hakirudi kikishapotea. Springi iliyochoka hubadilishwa, pini iliyovunjika huchongwa nyingine. Chuma kilichokwanguliwa ndani ya mtutu kimekwenda, kitako kilichokatwa hakirefuki, na rangi ya kiwandani ikishasuguliwa hakuna fundi wa kuirudisha, ataiga tu.

Ya kupiga au ya kuweka?

Jibu swali hili kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu mlengaji na mkusanyaji huitazama bunduki ileile na kuona bei mbili tofauti. Chukua Ithaca ambayo mwenyewe aliiwekea mpira mpya wa kitakoni, akainua sehemu ya kuegemeza shavu, na akamwita fundi hodari apanue kidogo choki, yaani sehemu ya mdomo wa mtutu iliyobanwa ili marisau yasitawanyike mapema. Mkusanyaji ataipita. Mlengaji huenda amepata kitu kizuri kwa bei ya chini. Sasa chukua Parker ambayo rangi zake za kiwandani zimebaki karibu zote: kila siku utakayoipeleka uwanjani unakula thamani yake kwa jasho la mkono wako.

Wapo wanaotaka yote mawili, na hao ndio wengi. Ushauri wangu kwao ni kutafuta bunduki iliyochakaa kwa haki: kila kitu ni cha kiwandani, imefifia kwa kushikwa na kutumika, na hakuna aliyewahi kuifanya mpya. Bunduki ya namna hiyo haikutii hofu ukiipiga, na ukija kuiuza hutahitaji kumweleza mnunuzi lolote.

Hatua ya 1: Ruhusa na usalama

Omba ruhusa ya kuishika, kisha ya kuifungua, kisha ya kuvua mbao ya mbele. Fungua, tazama chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa), ingiza kidole. Elekeza mdomo wa mtutu pasipo na mtu muda wote.

Halafu uliza swali ambalo wageni wa trapu huwa hawalijui: je, ina kifyatulio cha kuachia? Walengaji wengi wa trapu waliopata tatizo la kushtuka wakati wa kuvuta hubadilisha kifyatulio ili ukikivuta kisifanye kitu, na risasi itoke pale unapokiachia. Desturi ya viwanjani ni kubandika alama kwenye kitako, lakini alama hubanduka na bunduki hurithiwa. Ukivuta na usisikie nyundo ikianguka, usiachie. Endelea kukishikilia kifyatulio, fungua bunduki, ndipo ulegeze kidole. Kumbuka pia kwamba bunduki nyingi za aina hii hazina kitufe cha usalama kabisa. Zilitengenezwa hivyo, haina maana kimeng'olewa.

Usifyatue bila risasi bandia ndani ya chemba. Pini za zamani, zile zinazogonga nyuma ya risasi ili iwake, huvunjika, na ukiivunja ya mtu utailipa.

Hatua ya 2: Itambue ni ipi

Vua mbao ya mbele na usome namba. Inatakiwa namba ileile iwe kwenye fremu (kiwiliwili cha chuma ambacho mtutu hufungiwa), kwenye mtutu na kwenye chuma cha mbao ya mbele. Namba zikipishana, sehemu mojawapo imetoka kwenye bunduki nyingine. Mlengaji anaweza kuvumilia hilo endapo vyuma vimekaa sawa. Mkusanyaji ateremshe bei sana au aondoke.

Kwa Ithaca, jambo la kwanza ni kujua kama ni Flues au Knick. Flues ni muundo wa zamani. Knick, yenye jina la msanifu wake Frank Knickerbocker, ilichukua nafasi yake mwanzoni mwa miaka ya 1920, na namba zake zinaanzia 400000. Kwa mtu anayetaka kupiga mara kwa mara, ningesema atafute Knick bila kusitasita. Fremu za Flues za mitutu miwili zina sifa ya kupasuka kwenye kona ambapo sehemu bapa ya chini inakutana na ukuta uliosimama nyuma ya mtutu, kwa hiyo hata ile ya mtutu mmoja ichunguze hapo kwa kioo cha kukuza. Ufa huanza kama unywele mweusi ambao haufutiki kwa kitambaa chenye mafuta.

Madaraja ya Ithaca yanakwenda 4E, 5E, 7E na kupanda hadi ile iliyopewa jina la John Philip Sousa, mtunzi wa muziki wa bendi aliyekuwa mlengaji wa trapu kwelikweli. Alama inayoitambulisha Sousa ni nguva wa dhahabu. Parker ziliitwa SC, SB, SA na kuendelea juu, na Fox zikatumia herufi J, K, L na M. Fox haikutengeneza hata elfu moja za aina hii, kwa hiyo ukiletewa M kwa bei ya kawaida, jiulize kwanza kabla ya kufurahi.

Sababu ya tahadhari ni kwamba nakshi huongezwa. Bunduki ya daraja la chini huchongwa upya na kuuzwa kama ya juu. Linganisha herufi ya daraja iliyogongwa kwenye chuma na kiwango cha nakshi unachokiona. Kwa Parker, chama cha wakusanyaji, Parker Gun Collectors Association, hutoa barua za utafiti kutoka kwenye vitabu vya kiwanda kwa namba ambazo kumbukumbu zake zipo. Kwa L.C. Smith, kumbukumbu ziko katika jumba la makumbusho la bunduki la Cody, Wyoming. Barua hiyo inaweza kutaja urefu wa mtutu na vipimo vya kitako kama vilivyoagizwa. Kama tofauti ya daraja ni maelfu ya dola, gharama ya barua ni ndogo mno kuikwepa.

Hatua ya 3: Mtutu

Hapa tumia muda mrefu kuliko kwingine kote.

Tenganisha mtutu na kitako. Ufute ndani kwa kitambaa kikavu, kwa sababu mafuta mazito huficha mashimo ya kutu, na wapo wauzaji wanaolijua hilo vizuri. Elekeza mdomo kwenye dirisha au taa, tazama kutoka upande wa chemba, na uuzungushe polepole. Mtutu ulionyooka unaonyesha miduara ya mwanga iliyopangana, mmoja ndani ya mwingine, bila mkunjo. Mbonyeo huonekana kama kivuli kilichobanwa upande mmoja. Mvimbo huonekana kama pete nyeusi inayozunguka mtutu mzima. Geuza, rudia kutoka upande wa mdomo. Kisha fumba macho na upitishe vidole nje ya mtutu kwa urefu wote. Mvimbo mdogo ambao jicho limeukosa, kidole huupata.

Mbonyeo mdogo fundi mzuri anaweza kuuinua. Mvimbo ni habari nyingine: chuma kilishanyooshwa kupita uwezo wake na risasi iliyokutana na kizuizi. Kwa bunduki ya kupiga, mimi siichukui yenye mvimbo, hata fundi akisema ameupunguza.

Mashimo ya kutu huwa zaidi mbele kidogo ya chemba, kwa sababu fataki za zamani, yaani viwashio vya nyuma ya risasi, ziliacha chumvi inayokula chuma. Mashimo machache, membamba, karibu na mdomo, hayana ubaya mkubwa. Mashimo mengi karibu na chemba, mahali shinikizo ni kubwa, yanataka kipimo kabla ya neno lolote.

Sasa vipimo. Kipenyo cha kawaida cha ndani cha geji 12 Marekani ni inchi 0.729. Choki kamili hupunguza kama inchi 0.035 hadi 0.040 kutoka hapo. Pima katikati ya mtutu na pima mdomoni, kwa sababu namba moja peke yake haikwambii kitu. Ukikuta katikati ni 0.740 na chuma kinang'aa sana, huenda kuna mtu alikwangua mashimo, na alipokwangua alipunguza unene. Ukikuta mdomoni ni sawa na katikati, ama choki iliondolewa ama mtutu ulikatwa. Angalia basi kama reli inaishia sawasawa na mdomo, kama shanga ya kulengea iko mahali pa asili, na kama urefu ni 30, 32 au 34 kamili. Mtutu wa inchi 28 na robo tatu ulikatwa na mtu.

Unene wa ukuta hupimwa kwa kifaa maalumu, na hiki ndicho kipimo ambacho wanunuzi wengi hukiruka kwa sababu muuzaji hana kifaa. Tafuta fundi mwenye nacho. Mafundi wa bunduki wana kiwango cha chini cha inchi 0.020 kwa sehemu nyembamba ya mtutu, mbele huko. Mimi nataka 0.025 na zaidi kwa bunduki itakayopigwa risasi 100 kwa alasiri moja, na karibu na chemba nataka nyama zaidi ya hapo kwa mbali.

Pima chemba pia. Bunduki za mwanzo wa karne ya 20 zinaweza kuwa na chemba ya inchi 2⅝, na ganda la leo ni la inchi 2¾ likishafunguka. Ganda refu ndani ya chemba fupi hupandisha shinikizo, na utaliona likitoka limechanika mdomoni. Chemba nyingi zilirefushwa zamani, jambo ambalo ni sawa endapo unene ulibaki. Hakikisha.

Mitutu ya Dameski, yenye michoro kama ya mawimbi, ni nadra kwenye bunduki hizi. Ukiikuta, ichukulie kama ya kutazama.

Mwisho, reli. Ning'iniza mtutu kwa kidole kwenye kipande chake cha chini cha kufungia, ugonge taratibu kwa kitu kisicho cha chuma. Ukilia kama kengele, lehemu ya reli imeshika. Ukitoa mtetemo au sauti iliyokufa, kuna nguzo ya reli iliyoachia. Iangalie hasa bunduki yenye weusi mpya unaong'aa: weusi wa kisasa hupatikana kwa kuchemsha chuma kwenye chumvi kali, na chumvi hizo hula lehemu laini iliyoshikilia reli. Weusi wa asili ulifanywa kwa kutu ya taratibu, nao una ulaini fulani, haumeremeti. Mtu aliyechemsha mtutu wa aina hii ili upendeze huenda ameshaanza kuuharibu.

Hatua ya 4: Jinsi inavyofunga

Rudisha mtutu kwenye fremu bila mbao ya mbele. Mbao hiyo ina springi inayoubana mtutu na kuficha ulegevu. Funga, shika kitakoni, tikisa kushoto na kulia, juu na chini. Ukihisi mchezo wowote, bawaba imechakaa. Inua bunduki uitazame kwa ubavu dhidi ya mwanga: usione mwanya kati ya mtutu na ukuta wa fremu. Kisha weka kipande cha karatasi nyembamba kati yao na ufunge. Kama inafunga na karatasi inashikwa kwa nguvu, ni nzuri. Kama karatasi inachomoka kwa urahisi, bunduki imeachia uso, yaani mtutu haubani tena kwenye ukuta wa fremu, na kazi ya kuirudisha ni ya fundi wa hali ya juu. Kuna wanaogonga kipande cha chini cha mtutu kwa nyundo ili kibane; utaona alama za kugongwa, na ubanaji huo haudumu.

Tazama wenzo wa juu, ule unaousukuma ili kufungua bunduki. Ukiwa umefungwa, katika bunduki nyingi za Marekani zilizokuwa mpya, ulisimama kulia kidogo kwa mstari wa katikati, ili uchakavu uusogeze taratibu kuelekea kati. Ukiwa umepita kwenda kushoto, umetumika sana. Lakini usiutegemee peke yake, kwani kuna mafundi wanaouongezea chuma ili urudi kulia huku bawaba ikibaki vilevile.

Hatua ya 5: Kifyatulio, pini na kitoa maganda

Kwa risasi bandia, jaribu uzito wa kifyatulio. Pauni 3½ hadi 5 ni kawaida. Ukiwa umeshatega, isukume bunduki kwa nguvu mtutu ukielekezwa salama, na ugonge kitako chini kwa kiganja: nyundo isianguke. Tazama tundu la pini kwenye ukuta wa fremu. Tundu lililoliwa na kuzungukwa na vishimo ni ishara ya fataki zilizovuja miaka mingi, nalo hurekebishwa kwa bei ya wastani. Kitoa maganda kirushe risasi bandia mbali baada ya kufyatua na kiishie kuiinua tu ikiwa hujafyatua. Kikigoma, ni springi.

Hatua ya 6: Mbao

Nyufa hujificha pale chuma kinapoingia kwenye mbao: nyuma ya fremu na kuzunguka ulimi wa juu. Pinda shingo ya kitako kidogo kwa mikono miwili huku ukitazama. Ufa hujifungua na kujifumba. Mbao nyeusi, laini, zinazonuka mafuta karibu na chuma, zimelowa kwa miaka mingi ya bunduki kuhifadhiwa ikiwa imesimama. Zimedhoofika.

Pima urefu kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako. Inchi 14 hadi 14½ ni kawaida. Kikiwa 13½ na mpira mnene, kimekatwa. Angalia pia nafasi ya michoro ya kushikia: mistari ikiwa mikali kupita kiasi katika bunduki yenye chuma kilichofifia, ilichongwa upya.

Hatua ya 7: Rangi na skrubu

Fremu za viwanda hivi zilifanywa ngumu usoni kwa joto na mkaa wa mifupa, zikatoka na mawingu ya bluu, kahawia na zambarau. Rangi hizo hufa kwanza pale mkono unapobeba bunduki, chini ya fremu, na kubaki kwenye mabonde, kando ya wenzo na chini ya skrubu. Ukiona rangi kali imetapakaa sawasawa kila mahali kwenye bunduki ya miaka 100, imepakwa upya. Zile zilizofanywa kwa moto wa bomba zina mistari kama ya moshi. Kuufanya uso mgumu upya kikwelikweli kunahitaji joto kubwa linaloweza kupinda fremu, kwa hiyo rudia Hatua ya 4 kwa makini ukikuta hivyo.

Chukua kioo cha kukuza utazame mifereji ya skrubu. Kwenye bunduki nzuri mifereji ni myembamba, kingo zake kali, na yote imelala mstari mmoja na mtutu. Mfereji uliotafunwa unakwambia mtu alifungua kwa bisibisi isiyotosha. Kingo za fremu zilizokuwa kali zikiwa zimelegea na mistari ya nakshi imekuwa hafifu upande mmoja, kuna aliyeipitisha kwenye gurudumu la kusugulia.

Hatua ya 8: Ipige kwenye karatasi

Kwa ya kupiga, usimalize malipo bila hili, au kubaliana kwa maandishi siku za kuirudisha. Fundi akishaikubali, anza na risasi nyepesi: aunsi 1 au ⅞, mwendo wa chini. Shinikizo la juu linaloruhusiwa kwa risasi za kisasa za geji 12 za inchi 2¾ ni pauni 11,500 kwa inchi ya mraba, na hakuna sababu ya kuitesa bunduki ya bibi na babu kwa kiwango hicho. Kanuni za chama cha trapu cha Marekani, Amateur Trapshooting Association, haziruhusu zaidi ya aunsi 1⅛ wala marisau makubwa kuliko namba 7½ (namba ikipanda, marisau huwa madogo zaidi), kwa hiyo hutapungukiwa na kitu. Marisau ya chuma usiyapitishe kamwe kwenye choki kamili ya zamani. Kama uwanja wako hauruhusu risasi ya madini ya risasi, ulijue hilo kabla ya kununua.

Simama yadi 13, egemeza bunduki, lenga doa. Kila inchi moja juu ya doa hapo ni kama inchi 3 kwa yadi 40, yaani mgawanyo wa asilimia 60 juu na 40 chini, na walengaji wengi wa trapu wanapenda hapo au zaidi kidogo kwa sababu sahani huwa inapanda. Ikipiga kushoto au kulia, jaribu watu wawili kabla ya kulaumu mtutu. Huenda ni kitako kisichokufaa.

Kisha nenda yadi 40, chora duara la inchi 30 kuzunguka mahali marisau yalipojaa, na uhesabu. Aunsi 1⅛ ya namba 8 ina marisau kama 460. Choki kamili inatakiwa kuweka asilimia 70, yaani kama 320, ndani ya duara. Piga karatasi kadhaa, kwani moja hudanganya. Ikiweka 250 na kipimo chako cha mdomoni kilisema choki kamili, badilisha risasi kwanza uone.

Karatasi na malipo

Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1968, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ni ya kale na haiko chini ya masharti ya kawaida. Karibu zote tulizozitaja ni za baadaye, hivyo kununua kutoka jimbo jingine kunapitia kwa muuza bunduki mwenye leseni. Mwenye leseni ya ukusanyaji anaweza kupokea zenye miaka 50 na zaidi moja kwa moja. Sheria za jimbo lako huongezeka juu ya hayo, zisome.

Andika kwenye risiti namba ya bunduki, urefu wa mtutu, vipimo ulivyopima vya katikati na mdomoni, na aina ya kifyatulio. Muuzaji mwaminifu hasumbuki kuweka sahihi chini ya vipimo hivyo. Akikataa kuruhusu mtutu upimwe, mrudishie bunduki yake, mshukuru, na uendelee na meza inayofuata.